Ukoka Juu ya Maduara

Wageni wanaofika mjini kwetu huniuliza bustani ile imekuwepo tangu lini, nami huwajibu kwamba ina umri sawa na binti yangu, kisha nabadilisha mazungumzo. Si uongo. Nilipanda ukoka wa mwanzo nikiwa na mimba yake, nimepiga magoti kwenye udongo mwekundu ulioletwa na malori, nachomeka vishina vya majani pamoja na wanawake wenzangu. Lakini kabla ya ukoka kulikuwa na kitu kingine pale. Kila mtu wa rika langu aliyekulia hapa anakijua, hata kama hapendi kukitaja.

Kulikuwa na maduara. Hivyo ndivyo tunavyoyaita mashimo ya wachimbaji wadogo, yale yanayoshuka wima chini kama kisima kisha yanageuka kufuata mwamba wenye dhahabu. Mji wetu uko Tarime, upande wa migodi, si mbali na Matongo ukipanda bodaboda. Babu alituambia kwamba uwanja wote ule ulikuwa malisho, na ng'ombe wa ukoo walishinda pale mpaka jioni. Mimi sikuyaona malisho hayo. Nilipopata akili, uwanja ulikuwa umetobolewa, shimo hapa na shimo pale, kila moja na kamba yake na gogo la kuzungushia kamba, na watoto tulikatazwa kupita katikati.

Baba alifanya kazi kule chini pamoja na mdogo wake. Mama akinituma kuwapelekea ugali, nilisimama kwenye njia na kuita. Mtu wa juu aliita chini, wa chini aliita ndani zaidi, na baada ya muda baba alitokea akiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Wakati namsubiri nilikuwa nasikia nyundo chini ya miguu yangu, mahali ambapo palikuwa na nyasi tu na hapakuwa na shimo lolote karibu. Nilimweleza baba. Akasema ni wenzao wa duara jingine wanafuata mawe, na kwamba huko chini watu hawajali mipaka ya juu.

Baba mdogo alikuwa kijana mcheshi, hodari wa kucheza mpira, na alikuwa ameoa karibuni msichana kutoka Nyanungu. Huyo ndiye mama yangu mdogo, na habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Walikuwa bado hawajapata mtoto wakati masika moja yalipokuja kwa nguvu kuliko kawaida. Mvua ilinyesha wiki nzima. Wenye maduara waliambiwa wasimamishe kazi, na baadhi walisimamisha, lakini wengine walikuwa wamefika kwenye mwamba mzuri na hawakutaka kuuacha ujae maji. Siku moja ya wiki hiyo baba alipanda juu kula. Alikuwa ananawa mikono aliposikia kamba inakwaruza gogo, akageuka, akaona mdomo wa shimo umekuwa mpana na hauna kina tena. Mdogo wake na wenzake walikuwa ndani.

Walichimba kwa mikono, kwa sururu, kwa sufuria. Wanawake walipokezana kubeba udongo. Kisha duara la jirani nalo likaanza kumeza kingo zake, na shimo la tatu likajaa maji kutoka chini, si kutoka mbinguni, na hapo serikali ikaamuru kila mtu atoke. Wakaleta greda na malori, wakayafukia yote, yenye watu na yasiyo na watu. Baba alitoka pale na kifua kibovu ambacho hakijapona mpaka leo. Hakuwahi kushika sururu tena.

Mama mdogo hakurudi kwao. Wazee walipomwita kuzungumza habari ya kumpatia mwanamume mwingine katika ukoo, alisikiliza kwa adabu, akawaambia yeye ni mke wa mtu. Alianza kuuza dagaa sokoni. Nyumbani hapakuwa na kaburi, na bila kaburi hakuna aliyejua tumweke wapi mtu wetu. Mtu akisema "marehemu", mama mdogo aliinuka taratibu kama aliyekumbuka kitu jikoni. Tulijifunza kutosema hivyo. Tulijifunza pia kutosema kwamba yuko hai.

Uwanja ulikaa hivyo miaka mingi. Magugu yalimea, mbuzi wakaingia, mji ukakua kuuzunguka, zikaja nyumba za bati jipya, maduka, gereji, makanisa, sehemu za kuchomea nyama. Hakuna aliyejenga pale katikati. Hata wale wanaojenga popote, bila kibali na bila aibu, waliishia kwenye ukingo. Kwa hiyo siku wakubwa wa mji walipoitisha mkutano na kutangaza kwamba tutapata bustani ya wananchi, bustani kubwa ambayo watu wa miji mingine wataionea wivu, sote tulijua kwa nini eneo kubwa namna ile limebaki wazi. Mtu mmoja aliuliza habari ya maduara. Akajibiwa kwamba yalishafukiwa zamani, na kwamba majani hayana uzito. Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, kwa sababu jibu lilionekana la kweli.

Nilipata kazi ya kupanda. Jioni ya siku ya kwanza nilimpitia baba kumweleza. Alikuwa ameketi nje na blanketi mabegani, ingawa jua lilikuwa bado kali. Aliuliza jambo moja tu: ule mti mkubwa wa miiba, bado upo? Nilimwambia umekatwa ili pawekwe lango. Baadaye, nilipokuwa naaga, akasema walikuwa wakihesabu maduara kuanzia kwenye mti ule, ili kujua lao lilikuwa la ngapi kutoka hapo, na sasa hata akipelekwa pale hatajua ageukie wapi.

Sitaki kuisema vibaya bustani ile. Mwaka wa pili tu ukoka ulikuwa umefunga, kijani kibichi, na miti ya miashoki imenyooka pande zote za njia. Mahali ambapo vumbi huingia mpaka kwenye maziwa, watu walipata sehemu ya kuketi na viatu vyao vikabaki safi. Maharusi walikuja kupiga picha. Kwaya zilikuja kufanya mazoezi. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walishuka Sirari siku za sikukuu, wakasema kwa Kiswahili chao cha Kenya kwamba hii ni poa kuliko ya kwao. Zikaongezwa bembea, vibanda vya soda, taa, na bwawa dogo la saruji lenye bomba la kurusha maji juu. Mimi nilibaki kama mfanyakazi wa kudumu, na binti yangu alijifunza kutembea pale, akishika ukingo wa bwawa.

Bwawa ndilo lilikuwa la kwanza kututia wasiwasi. Tulilijaza asubuhi, na kufikia jioni lilikuwa tope. Msimamizi wetu, kijana aliyehamia kutoka Mwanza, mtu mpole asiyependa kugombana, alidhani kuna wanaoiba maji. Akamweka mlinzi. Mlinzi alikaa kutwa nzima akitazama, na maji yakashuka mbele ya macho yake. Wakapiga saruji upya. Yakakaa wiki kadhaa, kisha ufa ukatokea mahali pengine na maji yakaondoka tena. Kilichonisumbua si ufa. Maji mengi namna ile yakipotea, lazima ardhi ya karibu ilowe, au itokee chemchemi chini kwenye mteremko. Tulitembea kote. Hapakuwa na unyevu popote. Yalikuwa yanashuka mahali penye nafasi.

Kisha ikaja habari ya pale karibu na bembea. Kila baada ya masika paliumbika bonde dogo kama sahani, na sisi tulileta udongo kwa toroli, tukalijaza, tukapanda ukoka upya. Masika yaliyofuata sahani ilikuwa imerudi. Mwashoki mmoja uliinama kuelekea hapo, na benchi la karibu likalala upande kidogo hivi kwamba ukiweka chupa ya soda inateleza. Msimamizi aliwaarifu wakubwa. Wakamwambia ajaze kifusi. Alijaza. Sehemu ile ilikuwa ikila udongo, na sisi tukaendelea kuilisha.

Benchi hilo ndilo alilolipenda mama mdogo. Alianza kuja tangu wiki ya ufunguzi. Akimaliza kuuza dagaa, alinawa mikono kwa limau, akavua kitambaa cha kazi, akafunga kingine, akaja kuketi. Nilidhani anafuata kivuli. Nilimwachia binti yangu amwangalie nikiwa kazini, na wawili hao walizoeana sana. Sikuwahi kumuuliza kwa nini benchi lile na si jingine, naye hakuwahi kusema.

Baba hakutaka kukanyaga kule. Nilimwomba mara nyingi, si kwa ajili ya kutembea, bali nilitaka atazame ile sahani aniambie kitu. Mwisho alikubali. Nilimleta asubuhi, kabla watu hawajajaa, akasimama langoni amenishika mkono. Alitazama miashoki, njia za zege, bembea. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeingia katika nyumba ya wengine kwa makosa. Nilimwonyesha bonde. Akasema huenda ni pale. Kisha akaelekeza upande wa vibanda, akasema au ni kule, kwa sababu jua lilikuwa likiwapiga usoni wakipanda. Kisha akasema kulikuwa na maduara mengine ambayo hayakuwa na wenyewe, watu waliyaacha bila kuyafukia, na mengine yaliunganishwa chini na hakuna aliyejua mwisho wake. Kikohozi kikamshika. Akaomba nimrudishe nyumbani. Njiani aliniambia nisimwache mtoto achezee pale.

Nilimsikia, na bado binti yangu aliendelea kucheza pale. Watoto wote wa mji walichezea pale.

Masika ya mwaka juzi yalianza mapema. Mvua ilinyesha Ijumaa Kuu, ikanyesha Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ya Pasaka jua likatoka. Mji mzima ulimiminika bustanini. Kwaya ilikuwa imefunga vipaza sauti karibu na bwawa, wapiga picha walikuwa hawapumziki, na kwenye bembea watoto walipanga foleni ndefu. Binti yangu alikuwa kwenye bembea ya mwisho. Mama mdogo alikuwa kwenye benchi lake. Mimi nilikuwa naokota chupa, nikamwona ameinuka.

Hakupiga kelele. Baadaye alinieleza kwamba alihisi mguu wa nyuma wa benchi unashuka chini yake, taratibu, kama vile mtu mwingine mzito amekuja kuketi upande wa pili. Alikwenda kwenye bembea, akashika mnyororo, akamshusha binti yangu. Kisha akamshusha aliyefuata, na aliyefuata, bila haraka, kama anayewaita kula. Mama mmoja wa mjini, aliyevaa vizuri, alimwambia mtoto wake hajamaliza zamu. Mama mdogo akamjibu atamalizia kesho, akamweka mtoto mikononi mwake. Nilipofika, alinitazama.

"Sogeza watu," alisema. "Usiwatie hofu. Wasogeze tu."

Nikatazama chini nikaona ukoka umekunjamana kuzunguka benchi, kama shuka iliyovutwa kutoka upande mmoja. Nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya, nikamnong'oneza awapeleke watu langoni. Huyo bwana ana akili. Hakuuliza neno. Alitangaza kwamba wimbo unaofuata wataimba wakitembea, akainua mikono, na watu wakaanza kutembea nyuma ya kwaya wakipiga makofi. Wengi wao hawakujua kuna jambo lolote mpaka walipokuwa barabarani.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kushikilia muda mrefu. Nguzo za bembea zilielekeana, zikainamiana, zikazama pamoja. Benchi likafuata, kisha mwashoki, ukiwa bado umesimama wima, mpaka kilele chake kikawa sawa na majani, kisha kikapotea. Halafu ikatoka hewa. Nilikuwa mbali, lakini ilinifikia, hewa baridi, nzito, yenye harufu ya udongo uliofungiwa miaka mingi. Mama mdogo alikuwa amesimama karibu nami amemshika binti yangu. Aliivuta hewa ile kwa pua, na uso wake ukabadilika. Nilitaka kumwondoa, hakuondoka.

Hakuna aliyekufa. Watu walilirudia jambo hilo siku nzima kama sala.

Kesho yake asubuhi tuliokuwa wafanyakazi tuliitwa. Utepe ulikuwa umezungushwa na polisi walikuwepo. Shimo lilikuwa pana kuliko nyumba yangu, na katika ukuta wake, chini kidogo ya uso wa ardhi, yalionekana matimba, yale magogo ambayo wachimbaji huyasimamisha kushikilia kuta. Yalikuwa meusi na mengine bado yalikuwa wima. Chini yake palikuwa giza na maji. Malori ya kifusi yalikuwa yamepanga mstari langoni, injini zinanguruma. Na mama mdogo alikuwa ameketi ndani ya utepe, juu ya ukoka, amenyoosha miguu kuelekea shimoni.

Hakuna aliyejua aliingia saa ngapi. Polisi mmoja kijana alimwamkia shikamoo, akamsihi atoke. Aliitikia marahaba, akabaki. Alikuja afisa anayehusika na usalama wa mashimo, mwanamume wa makamo, akachuchumaa kwa mbali na kumweleza kwa heshima kwamba kingo bado zinatembea, kwamba hakuna mtu anayeweza kushushwa mle akarudi, na kwamba kila saa inayopita bila kufukia, shimo linapanuka kuelekea barabarani na kwenye nyumba za watu. Alikuwa anasema kweli. Ufa mpya ulikuwa umeshafika kwenye njia ya zege na tulikuwa tunautazama.

"Mume wangu yumo," alisema mama mdogo. "Mlimfukia mara ya kwanza mimi nikiwa bado mtoto, sikujua la kusema. Sasa najua. Mtoeni. Na mkimwaga kabla hamjamtoa, mnimwagie na mimi."

Afisa alivua kofia akafuta jasho. Msimamizi wetu alinitazama, na wote walinitazama, kwa sababu walijua ni mtu wa kwetu. Nilijaribu kuzungumza naye kwa Kikurya, taratibu. Aliendelea kutazama shimoni. Ndipo mtu akasema aitwe baba yangu, yule pekee aliyebaki miongoni mwa waliofanya kazi katika duara la baba mdogo.

Bodaboda ilimleta amefungwa shuka kiunoni ili asianguke. Alitembea mpaka kwenye utepe, nami nikamshika upande mmoja na polisi upande wa pili. Umati ulikuwa umejaa langoni na kwenye ukuta. Mama mdogo aligeuka. Katika miaka yote ile, wakiishi boma moja, sidhani kama alikuwa amewahi kumuuliza swali hilo. Alimwita shemeji, kama kawaida yake.

"Shemeji, ni hapa?"

Baba alitazama. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

"Ni hapa," alisema. "Matimba yale niliyakata mimi."

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Baadaye kidogo aliomba apewe udongo wa mahali pale, kiasi cha kuweka kaburini, na akasema akiupata ataondoka. Mfanyakazi mwenzetu alifungwa kamba kiunoni, akalala kifudifudi ukingoni, akachota udongo kwa koleo lenye mpini mrefu, chini kabisa kadiri mkono ulivyofika. Mama mdogo aliupokea katika kanga, akaufunga, akaubeba kifuani. Tulipofika barabarani tulisikia lori la kwanza linamwaga.

Tulimzika baba mdogo wiki ile ile. Katekista aliongoza sala, wazee wa ukoo wakafanya yao, na mama mdogo alilia siku nzima, kilio cha mwanamke mchanga, kikiwa kimesubiri mpaka nywele zake zikaanza kuwa na mvi. Baada ya hapo alinyamaza na kulala usingizi. Alianza kusema "marehemu". Hakurudi tena bustanini.

Jioni moja baada ya matanga nilimpelekea baba chai, nikamwambia alifanya vyema kukumbuka. Alishika kikombe bila kunywa.

"Sikukumbuka kitu," alisema. "Matimba yote tuliyakata msitu mmoja, yote yanafanana. Sikulitazama shimo. Nilimtazama yeye."

Nilimwelewa, na bado namwelewa. Lakini wakati huohuo mjini lilikuwa limetolewa tangazo. Lilisema duara lililokuwa na matatizo limepatikana, limetambuliwa na mzee aliyechimba humo, limefukiwa kitaalamu, na bustani itafunguliwa upya. Watu walifurahi. Tatizo sasa lilikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa na zege juu. Kumbe duara lile linaweza kuwa lolote kati ya yale mengi, na lile lililommeza baba mdogo bado liko mahali fulani chini ya njia, au vibanda, au bwawa, na mengine pia yako hivyo hivyo.

Nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo, akasema mzee mwenyewe alitamka mbele ya polisi na umati mzima. Nikamrudia baba. Hakubisha. Alivaa koti lake la kanisani, nikampeleka ofisini kwa wakubwa, na akawaambia kwa kinywa chake kwamba hajui duara lao lilikuwa wapi, na kwamba alichosema siku ile alikisema ili mjane atoke ukingoni. Walimpa kiti na maji ya kunywa. Walimwita "mzee wetu". Mmoja wao alinisogelea nikiwa natoka, akasema kwa huruma kwamba umri ukienda kumbukumbu hupotea, na kwamba si vizuri kumsumbua mzee mgonjwa kwa mambo yaliyokwisha. Alipowaambia anajua walimwamini palepale. Alipowaambia hajui, walisema anazeeka.

Maneno hayo yalimfikia mama mdogo, kama yanavyofika maneno yote sokoni. Nilimkuta anapepeta dagaa. Nilianza kujieleza, akanikatiza.

"Nimesikia," alisema. "Kaburi langu liko nyumbani, na halihamishwi. Wewe angalia mwanao."

Binti yangu haendi tena bustanini. Namkataza na sababu ameshaijua, kwa hiyo habishi sana, ila Jumapili hukaa dirishani akiwatazama wenzake wanapita na nguo nzuri. Mimi bado nakwenda kila siku kwa sababu ndiyo kazi yangu. Bembea mpya zimewekwa upande wa pili, nzuri kuliko za zamani. Maharusi wamerudi. Bwawa limefukiwa, pamewekwa maua, na nikiyamwagilia naona maji yanashuka upesi mno, lakini nimeacha kumwambia mtu. Kuna njia ambazo sizipiti. Wafanyakazi wenzangu wamegundua, na wao pia siku hizi wanapita pembeni, bila kuulizana.

Mwezi uliopita ilikuja habari kwamba bustani itapanuliwa. Itaongezwa ukumbi wa wazi wa sherehe na sehemu ya michezo ya watoto, kwenda upande wa mteremko ambako magugu bado yamesimama. Wapimaji walifika asubuhi, vijana wachangamfu wenye fulana za njano, wakaniomba niwafyekee njia. Niliwafyekea. Walikuwa wakipigilia vigingi vya chuma kwa nyundo nzito, na ardhi ya kwetu ni ngumu, kila kigingi kilitaka mapigo mengi na kijana alikuwa anatweta. Tulipofika katikati ya eneo la michezo alisimamisha kigingi kingine, akakipiga mara moja, na kikazama chote.

Alitazama mahali kilipokuwa. Mwenzake akacheka, akamwambia hapo udongo ni laini, leta kingine. Alileta kingine, akakisogeza hatua moja pembeni.